Hamali wa Kijani cha Rufiji

Delta ya Rufiji imeandikwa sana kwa boriti zake zilizopakiwa majahazini kwenda Arabuni, na kwa manowari Königsberg ya Wajerumani iliyoishia humo mwaka 1915. Kijani chake husimuliwa kwa nadra. Mpunga wa kata ya Dimani, mkoko na mchu wa matopeni, yote huanza kuiunda rangi yake kwa hatua ile ile, na wanasayansi walichelewa kuitambua.

Kwanza walipotezwa na damu. Mwaka 1945 David Shemin wa Marekani alikula gramu 66 za glisini, asidi amino, yenye naitrojeni nzito, kisha akaifuatilia katika damu yake mwenyewe. Ikajulikana kwamba rangi nyekundu ya damu huundwa kutokana na glisini. Klorofili, rangi ya kijani ya majani, inafanana nayo, ila ina magnesiamu mahali pa chuma. Ikadhaniwa mimea nayo hupita njia hiyo. Haipiti. Mwaka 1975 Samuel Beale, Simon Gough na Sam Granick walionyesha kwa machipukizi ya shayiri kwamba mmea hutumia asidi amino nyingine, glutameti, pamoja na kaboni zake zote tano.

Shayiri iliendelea kutumika katika Maabara ya Carlsberg, Copenhagen (ni maabara ya mwenye kiwanda cha bia, kwa hiyo haishangazi). Huko Gamini Kannangara na wenzake waligundua jambo la ajabu: RNA ikiharibiwa, kazi yote ya kuunda rangi hiyo kutokana na glutameti husimama. Mwaka 1986, wakishirikiana na Dieter Söll wa Chuo Kikuu cha Yale, wakaitaja RNA hiyo: ni RNA safirishi ya glutameti, iliyomo ndani ya kloroplasti, sehemu za kijani za seli ya mmea.

Tangu miaka ya 1950 RNA hiyo ilijulikana kama hamali wa kubeba asidi amino kwenda kunakotengenezwa protini, basi. Kumbe ikishapakiwa glutameti, kimeng'enya kingine huweza kuupokonya mzigo na kuugeuza, na molekuli nane za kitu kinachopatikana hatimaye huunganishwa kuwa klorofili moja. Kwangu, huo ndio uhondo wa kisa hiki.

Bakteria nao wamo. Mwaka 1989 ilibainika kwamba E. coli hutumia njia hiyo hiyo, na sianobakteria, ambao jamaa zao wa kale ndio waliozaa kloroplasti, huitumia pia. Binadamu na hamira wamebaki na njia ya Shemin. Kwa hiyo mkulima wa Dimani anayepalilia mpunga huunda wekundu wa damu yake kwa glisini, na jani lililo mkononi mwake huunda kijani chake kwa glutameti iliyobebwa na RNA.