Vijiti vya kulia

vijiti vya kulia *nm* [ki-/vi-] (umoja: *kijiti cha kulia*) jozi ya vijiti vyembamba vyenye urefu sawa, vinavyoshikwa kwa mkono mmoja ili kuokota chakula na kukipeleka kinywani: *Alikula tambi kwa vijiti.*

Muundo wa neno
*Kijiti* ni udogo wa *mti*. Kwa kuwa shina *-ti* lina silabi moja, hupachikwa *-ji-* baada ya kiambishi cha ngeli, kama katika *mto/kijito* na *mtu/kijitu*. *Kulia* ni kauli ya kutendea ya kitenzi *-la*, kwa maana ya kutumia kitu katika kula. Kauli hiyohiyo ndiyo iliyozaa *mkono wa kulia*, yaani mkono unaotumika kulia chakula. Pale muktadha usipojitosheleza, *vya kulia* isidondoshwe, kwani *vijiti* peke yake huweza kuwa vya meno au vya udi.

Asili
Vijiti vya bronzi vilivyofukuliwa Yinxu, karibu na Anyang nchini China, ni vya enzi ya Shang. Inaaminika kuwa hapo awali vilitumika zaidi jikoni na kuopolea vipande vya chakula chunguni, huku nafaka ikiliwa kwa mkono au kijiko. Kuenea kwa tambi za ngano kulivipa nafasi kubwa zaidi mezani.

Jina la kale la Kichina lilikuwa *zhu*. Lu Rong, mwandishi wa enzi ya Ming, alieleza kuwa watu wa vyomboni waliliepuka kwa sababu lilifanana kimatamshi na neno lenye maana ya kusimama, jambo la nuksi kwa msafiri wa majini. Badala yake walisema *kuai*, ‘haraka’. Ndipo likapatikana *kuaizi* la leo. Hata jina la Kiingereza huhusishwa na neno la wafanyabiashara wa bandari za China lenye maana hiyohiyo ya haraka.

Kuenea ughaibuni
Wahamiaji wa Kichina walivifikisha California katika karne ya 19. Kwa muda mrefu wenyeji wengi waliviona kuwa kioja. Februari 1972, Rais Richard Nixon alionyeshwa kwenye televisheni akila kwa vijiti katika karamu jijini Beijing, na hamu ya Wamarekani kwa chakula cha Kichina ikaongezeka. Leo vijiti ni kifaa cha kawaida katika mikahawa ya miji mingi duniani.

Kupendwa huko hakujaondoa dhihaka. Novemba 2018, kampuni ya mitindo ya Dolce & Gabbana ililazimika kufuta onyesho lake Shanghai baada ya kutoa video za mwanamke wa Kichina akihangaika kula piza kwa vijiti. Kilichowaudhi watazamaji ni kufanywa kichekesho kwa kifaa ambacho mtoto wa Kichina hufundishwa kukishika nyumbani kwao.

Adabu
Vijiti havisimikwi wima katika bakuli la wali, kwa kuwa huonekana kama vijiti vya udi vinavyowashwa kwa ajili ya wafu. Wala havigongwi kwenye bakuli, kwani hiyo huhesabiwa kuwa kawaida ya ombaomba.

Matumizi
*Vijiti vya Kichina* ni sahihi pale tu vinapotajwa vya China, ambavyo kwa kawaida ni virefu na butu nchani. Vya Japani ni vifupi na vimechongoka. Vya Korea mara nyingi ni vya chuma. Kuviita vyote *vya Kichina* ni kuwanyima wengine chao. Kwa kifaa chenyewe, popote kilipo, itumike *vijiti vya kulia*.

Sahihi: *Wavietinamu hula wali kwa vijiti vya kulia.*
Si sahihi: *Wavietinamu hula wali kwa vijiti vya Kichina.*

Linganisha: kijiko, njiti, uma.