Saketi breka za nyumbani: ipi hulinda nyaya, ipi hulinda uhai

Saketi breka ni swichi inayojikata yenyewe pale mkondo wa umeme unapozidi kiwango kilichowekwa. Katika nyumba za Tanzania zenye umeme wa volti 230, swichi hizo hufungwa kwenye kisanduku cha swichi kuu, baada ya mita ya LUKU. Hata hivyo, si swichi zote ndani ya kisanduku hicho zenye kazi moja, na tofauti hiyo ndiyo inayoweza kuamua iwapo mtu aliyepigwa na umeme atanusurika.

Kinga ya nyaya

Saketi breka ya kawaida hufanya kazi kwa njia mbili. Ndani yake kuna bapa la metali mbili ambalo hupinda linapopata joto na kukata umeme iwapo vifaa vilivyowashwa vinavuta mkondo mkubwa kwa muda. Kuna pia koili ya sumaku, ambayo hukata umeme kwa sehemu ndogo ya sekunde pale waya wa moto unapogusana na nyutro. Hivyo nyaya hazipati joto la kuyeyusha ganda lake na kuwasha moto ukutani au darini.

Ukubwa wa breka hutegemea unene wa waya inaoulinda. Waya wa taa wa milimita za mraba 1.5 kwa kawaida huwekewa breka ya ampia 6 au 10. Kuondoa breka inayokatika mara kwa mara na kuweka kubwa zaidi ni kuondoa kinga yenyewe: waya utaungua kabla breka haijakatika.

Breka hailindi pia waya wa eksitensheni. Birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,500 vikichomekwa pamoja kwenye eksitensheni ya ampia 13 huvuta zaidi ya ampia 15, na breka ya soketi ya ampia 32 haitakatika. Kinga inayobaki ni fyuzi ya plagi, hivyo isibadilishwe kwa kipande cha waya.

Kinga ya uhai

Mkondo wa makumi machache ya miliampia ukipita kifuani unaweza kuzuia pumzi au kuvuruga mapigo ya moyo. Kiasi hicho ni kidogo mno kwa breka ya kawaida kukitambua. Kazi hiyo hufanywa na kifaa kinachojulikana kama RCD, chenye kitufe kilichoandikwa T au TEST. Kifaa hicho hulinganisha umeme unaotoka kwenye waya wa moto na unaorudi kupitia nyutro. Tofauti ikifika miliampia 30, ambayo ni chini ya sehemu moja ya elfu ya ampia 32, hukata umeme ndani ya sekunde 0.3.

RCD huhitaji kusaidiwa na waya wa ardhini ulio imara. Waya huo ukiwepo, umeme unaovuja kwenye bodi ya friji au mashine ya kufulia hukatwa kabla mtu hajaigusa. Hata hivyo, RCD haimwokoi mtu aliyeshika waya wa moto na nyutro kwa pamoja akiwa hajagusana na ardhi. Pia haizuii nyaya kuzidiwa mzigo, hivyo haichukui nafasi ya breka.

Hatua za kuchukua

Breka inapokatika, mwananchi anashauriwa kuchomoa vifaa vyote vya sehemu iliyozimika, kuirudisha breka mara moja, kisha kuchomeka kifaa kimoja kimoja. Kifaa kitakachoikata ndicho chenye hitilafu au kilichozidisha mzigo. Ikikatika bila kifaa chochote kuchomekwa, iachwe hivyo hadi fundi afike.

Kitufe cha TEST kibonyezwe angalau kila baada ya miezi sita. RCD isiyokatika ibadilishwe.

Mfumo wa nyaya baada ya mita ni jukumu la mwenye nyumba, na kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA). Moto ukitokea, swichi kuu izimwe iwapo inafikika kwa usalama, maji yasimwagwe kwenye umeme, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lipigiwe simu namba 114.