Wazee wa Yanga na Watoto wa 1977

Timu ya mpira haizeeki kwa siku moja. Mwaka huu beki anachelewa hatua moja, mwakani anachelewa mbili, na kwa kuwa timu bado inashinda hakuna anayethubutu kusema neno. Ndivyo ilivyokuwa kwa Yanga ya miaka ya 1970, timu niliyoipenda tangu utotoni hapa Mvumi, ingawa Jangwani kwenyewe tulikujua kwa redio tu.

Ilikuwa timu hasa. Ilitwaa ubingwa wa nchi mara 5 mfululizo, kuanzia 1968 hadi 1972. Simba waliuchukua mwaka 1973, kisha ikaja Agosti 10, 1974, katika Uwanja wa Nyamagana, Mwanza. Adam Sabu aliifungia Simba mapema, na bao lile likakaa hadi watu wakaanza kutoka uwanjani. Dakika ya 87 Gibson Sembuli akasawazisha, na katika muda wa nyongeza Sunday Manara akafunga la pili. Januari 1975 Yanga wakawafunga Simba tena, 2-0, kule Zanzibar, wakachukua kombe la klabu bingwa za Afrika Mashariki na Kati.

Ushindi wa namna ile hupofusha. Kitwana Manara, kaka yake Sunday, alikuwa uwanjani tangu miaka ya 1960, na hakuwa peke yake. Mwaka huo huo wa 1975 Yanga walitolewa katika Kombe la Klabu Bingwa Afrika na Enugu Rangers ya Nigeria, bila kufungwa: 0-0 kule, 1-1 Dar es Salaam, bao la ugenini likaamua. Hapo ugomvi ukalipuka. Wazee wa mpira huusimulia kwa namna nyingi, na kila upande una maneno yake, lakini ndani yake lilikuwamo suala la kocha Tambwe Leya kutoka Zaire na haja ya kuingiza damu changa. Mwaka 1976 klabu ikapasuka. Wachezaji wengi wenye majina wakaenda kuunda Pan African. Jangwani wakabaki na vijana.

Mimi nasema vijana walihitajika. Kosa lilikuwa kubaki nao peke yao.

Julai 19, 1977, tulikusanyika kwa jirani mmoja mwenye redio, yeye mwenyewe mtu wa Simba. Tulikuwa watoto, tumekaa chini, wakubwa kwenye viti. Abdallah Kibadeni alifunga la kwanza mapema. Selemani Sanga wa Yanga akajifunga. Kibadeni tena. Kipindi cha pili Jumanne Masimenti akafunga mawili, na mwisho Kibadeni akaongeza lake la tatu. Simba 6, Yanga 0. Jirani alikuwa na adabu, hakushangilia baada ya la nne. Akazima redio kabla mtangazaji hajamaliza maelezo, akasema betri zinaisha. Namkumbuka kwa hilo kuliko kwa jambo jingine lolote.

Nilipokuwa mtu mzima nikaliona jambo lile kwa macho ya shamba. Mtu anayefundisha maksai kulima kwa plau hafungi wachanga wawili kwenye nira moja. Humfunga mchanga na mzee. Mzee anajua mwisho wa shamba uko wapi, anajua kugeuka. Mchanga ana nguvu. Ukiwafunga wachanga watupu watavunja nira, au watakupeleka korongoni pamoja na plau. Kibadeni siku ile hakuwa mtoto. Alikuwa mtu mzima katika mpira, amezungukwa na wenye mapafu.

Timu yetu ya kijiji iliharibika kwa njia iliyo kinyume. Waliotutangulia walicheza pamoja miaka mingi, rika moja, wakashikilia namba zao hadi ndevu zikaanza mvi, na sisi tukiokota mipira nyuma ya goli. Walipochoka walichoka wote msimu mmoja. Mwaka uliofuata hapakuwa na timu, palikuwa na kiwanja na mbuzi.

Kwa Yanga kulikuwa na gharama ya miaka. Simba walichukua ubingwa kuanzia 1976 hadi 1980 bila kupokonywa. Hata hivyo wale watoto hawakutupwa baada ya kipigo; waliachwa wakue, na mwaka 1981 ubingwa ukarudi Jangwani. Hapa kwetu mifugo ilipoondolewa Mvumi mwaka 1986 chini ya mradi wa HADO ili ardhi ipumzike, nyasi hazikurudi wiki iliyofuata, na waliopoteza maziwa hawakufurahi kuambiwa wasubiri. Naelewa kwa nini shabiki naye hataki kusikia neno hilo.

Na wale wakongwe? Hawakuwa wamekwisha kama walivyodhaniwa. Sunday Manara alikwenda Uholanzi kuchezea Heracles. Leodegar Tenga na Jella Mtagwa wa Pan African walikuwa nguzo za Taifa Stars iliyokwenda Lagos mwaka 1980, fainali zetu za kwanza za Afrika. Pan African yenyewe ikawa bingwa mwaka 1982. Lakini baadaye ilififia na kushuka daraja, na leo vijana wengi huijua kwa jina tu.

Novemba 5, 2023, Yanga waliifunga Simba 5-1. Kijana mmoja wa hapa kijijini alikuja mbio kuniambia kwamba deni la 1977 limelipwa. Nikamhesabia kwa vidole: 6 toa 0, 5 toa 1. Bado mawili.