Nani Anashika Tupa?

Kwenye kipindi kilichopita nilitaja nyundo yangu, mkanicheka. Sawa. Leo naieleza vizuri, maana ina historia ndefu kuliko mimi.

Ni nyundo ndogo ya chuma, upande mmoja umekwenda mshazari. Niliitengeneza mwaka wa kwanza wa chuo, hapa Guangzhou. Ukisoma uhandisi China, kuna mafunzo ya karakana yanaitwa jingong shixi, na katika vyuo vingi unaanza na nyundo. Unapewa kipande cha chuma, jiliwa, msumeno na tupa, halafu unasugua mpaka malengelenge yatoke. Kila mtu na yake.

Mwaka wa pili ikaja kazi ya kikundi. Tulikuwa watano: tufungue giaboksi, tuipime, tuichore, tuirudishe kama ilivyokuwa. Wenzangu wakaniambia, kwa upole kabisa, "Wewe Kiingereza chako kizuri, tutengenezee slaidi." Nikakubali. Alama tulipata nzuri. Giaboksi yenyewe sikuigusa hata mara moja.

Nikadhani ni shida yangu mimi tu. Kumbe ni ya zamani.

Huku mtaa wa Liwan, kwenye vichochoro vya Guangzhou ya kale, kuna nyumba ya kumbukumbu ya Zhan Tianyou, ambaye Wachina wanamwita baba wa reli yao. Alizaliwa 1861. Mwaka 1872, akiwa na miaka 11, alipelekwa Marekani katika kundi la kwanza la vijana waliotumwa na serikali ya Qing. Mwisho wakafika 120. Akasomea uhandisi Yale, fani ya reli, akamaliza 1881.

Akarudi nyumbani. Unadhani alipewa reli? Wapi! Alipelekwa chuo cha wanamaji Fuzhou, baadaye akaletwa kufundisha hapa Guangzhou. Mpaka 1888 ndipo akapata kazi ya reli. Miaka saba mtu ana shahada na tupa hajashikishwa.

Nadhani hakusahau. Alipokabidhiwa reli ya kutoka Beijing kwenda Zhangjiakou, kama kilomita 200, iliyojengwa kuanzia 1905 hadi 1909 na wahandisi wa Kichina wenyewe, alichukua vijana akawapandisha ngazi kwa ngazi, kutoka mwanagenzi hadi mhandisi, huku wakijenga. Handaki la Badaling lina urefu unaozidi mita 1,000. Walilichimba kutoka pande zote mbili, na juu wakashusha shimo ili watu wengi zaidi wachimbe kwa wakati mmoja. Kazi kama hiyo huwezi kuisoma kwenye slaidi.

Sasa njoo kwetu. Mwaka 1972, miaka 100 kamili baada ya Zhan kupanda meli, vijana wapatao 200 kutoka Tanzania na Zambia walifika Beijing, Chuo Kikuu cha Northern Jiaotong, kusomea reli. Wakati huo Tanzania haikuwa na kitivo cha uhandisi. Kile cha Mlimani kilianza 1973. Na reli yenyewe, TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilikuwa tayari inajengwa.

Kwa hiyo kulikuwa na madarasa mawili kwa wakati mmoja. Moja Beijing, lenye madawati. Lingine porini, kati ya Mlimba na Makambako, kwenye mahandaki na madaraja. Wachina wengi waliofundisha huko walisafiri kwa meli kutoka hapa hapa, bandari ya Huangpu. Wakalimani walikuwa wachache. Basi Mchina anashika chombo, anakuonyesha, anakupa, unarudia. Ukikosea anakuonyesha tena. Maelfu ya vijana wetu walijifunza hivyo, kwa vikundi vidogo, na wengi wao hawakuwahi kukaa chuo chochote.

Reli ikakabidhiwa Julai 1976. Lakini kujenga siyo kuendesha, na miaka ya 1980 wataalamu wa Kichina walirudi kusaidia uongozi wa shirika. Kuna watu husema hiyo inaonyesha hatukujifunza. Mimi naona inaonyesha kitu kingine: mtu hujifunza kile alichoshikishwa. Waliopewa sururu walijua handaki. Meza ya kuamua, ratiba, vipuri na hesabu, hizo nazo zilihitaji mikono ya kuzizoea, na muda.

Ndiyo maana neno letu nalipenda. Fundi, kufundisha, mafunzo, mwanafunzi: mzizi mmoja. Kwa Kiswahili, anayejua kazi na anayeifundisha wametoka nyumba moja. Siku hizi kila chuo kinatangaza "kujifunza kwa vitendo" na "kazi za vikundi". Vizuri. Ila kikundi kinaweza kuwa na karakana nzuri sana na bado mmoja wao akatoka mikono mitupu, kwa sababu hakuna aliyeuliza zamu ni ya nani.

Muhula huu niliuliza. Kikundi kipya, pampu ya maji. Nikasema slaidi ni zamu kwa zamu, na kufungua ni zamu kwa zamu. Walinishangaa kidogo, halafu mmoja akakiri kwamba hata yeye muhula uliopita hakugusa kitu, alikuwa anaandika ripoti tu. Mchina mwenzao! Sikuwa peke yangu.

Boliti ya kwanza niliikaza vibaya, maji yakatumwagikia wote. Tukafungua tena.

Kama nyumbani kwenu kuna babu au mjomba aliyefanya kazi TAZARA, usiishie kumuuliza alijenga wapi. Muulize nani alimpa chombo mkononi mara ya kwanza, na yeye baadaye akampa nani. Mrekodi, kisha mtuletee tusikilize.