Ahadi na Upangaji: Chimbuko la Uchungu dhidi ya Utawala wa Waingereza katika Kibera na Kawangware

Vita vya Mau Mau, ambavyo viliifanya serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari nchini Kenya tarehe 20 Oktoba 1952, huelezwa mara nyingi kuwa vilitokana na umaskini na uhaba wa ardhi. Maelezo hayo ni sahihi, lakini hayatoshi. Mtu aweza kuvumilia ufukara kwa muda mrefu. Lililo gumu kuvumilia ni kuambiwa kuwa alichopewa kwa ahadi, au alichorithi kwa babu zake, hakikuwa chake kamwe. Ukweli huu hudhihirika katika vitongoji viwili vya magharibi ya Nairobi, Kibera na Kawangware, ambavyo historia zao hukutana mahali pasipotazamiwa.

Mahali hapo ni katika safari za Kapteni Frederick Lugard, mtumishi wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki. Mnamo Oktoba 1890 Lugard alijenga boma Dagoretti, eneo ambalo Kawangware imo pembeni mwake, akachanjiana undugu na Waiyaki wa Hinga, kiongozi wa Wakikuyu wa upande huo. Haukupita muda, watu wa Kampuni wakaanza kupora vyakula vya wenyeji, na boma likahamwa na kuteketezwa. Mwaka 1892 Waiyaki alikamatwa, akafia Kibwezi akiwa njiani kupelekwa pwani. Baina ya matukio hayo mawili, yaani mwaka 1891, Lugard huyo huyo alifika karibu na Ziwa Albert, akawaajiri askari wa Kisudani waliosalia wa jeshi la Emin Pasha. Hao ndio asili ya Wanubi wa Kenya na Uganda.

Askari hao waliitumikia dola, ingawa si bila manung'uniko. Mwaka 1897 baadhi yao waliasi, kwa kuwa mishahara ilikuwa midogo na ilicheleweshwa, na safari za vita hazikuwa na kikomo. Wengine wakabaki katika utumishi na kuingizwa katika jeshi la King's African Rifles lililoundwa mwaka 1902. Mwanzoni mwa karne ya 20 wastaafu waliruhusiwa kukaa na kulima katika msitu uliokuwa karibu na kambi. Wao waliuita kwa neno la Kinubi lenye maana ya msitu au pori, kibra, na neno hilo ndilo lililokuwa Kibera. Mwaka 1918 eneo hilo, lenye takriban ekari 4,200, lilitangazwa rasmi kuwa la jeshi. Lakini hawakupewa hatimiliki. Walipewa vibali vya kulima tu.

Kwa upande wa Wakikuyu, sheria ndiyo iliyogeuza mambo. Sheria ya Ardhi ya Mfalme ya mwaka 1915 iliyajumuisha katika ardhi ya Mfalme hata maeneo yaliyokaliwa na Waafrika. Mwaka 1921 Mahakama Kuu iliamua kwamba Waafrika walikuwa wapangaji tu kwa hiari ya Mfalme. Uzito wa uamuzi huo huonekana zaidi ukitazamwa kwa msamiati wa Kikikuyu. Lugha hiyo hutofautisha mwenye githaka, yaani ardhi ya ukoo, na muhoi, yaani mtu aliyeombeshwa mahali pa kulima na ambaye aweza kuondolewa. Kwa hukumu moja, kila mwenye githaka alifanywa muhoi, na mgeni akafanywa mwenye nyumba.

Hukumu hiyo ilitolewa katika mwaka wa dhiki. Kodi ilikuwa imepandishwa, walowezi walikusudia kupunguza ujira kwa theluthi moja, na kila mwanamume Mwafrika alilazimika kubeba kipande. Mnamo Juni 1921 malalamiko haya yalitolewa katika mkutano wa Dagoretti mbele ya maofisa wa serikali. Harry Thuku aliyachukua na kuyatangaza kwa watu wa makabila mengi. Alikamatwa Machi 1922, na umati uliokusanyika kudai aachiliwe ukapigwa risasi. Serikali ilikiri vifo vya watu 21.

Walowezi wa Marekani ya Kaskazini nao walikuwa wamepigana upande wa Mfalme dhidi ya Wafaransa hadi mwaka 1763. Miaka miwili baadaye wakatozwa ushuru wa stempu na bunge wasilokuwa na mwakilishi ndani yake. Nchini Kenya, Mwafrika wa kwanza kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria, Eliud Mathu, mzaliwa wa upande wa Dagoretti, aliingia mwaka 1944, tena kwa kuteuliwa.

Wanubi nao waliambiwa maneno yale yale. Baada ya jeshi kukabidhi Kibera kwa serikali ya kiraia mwaka 1928, Tume ya Ardhi iliyoongozwa na Morris Carter iliwahesabu kuwa wapangaji kwa hiari ya Mfalme, ijapokuwa ilikiri kuwa serikali ilikuwa na wajibu kwao. Aliyeilinda dola na aliyepokonywa na dola wakapewa jina moja.

Kwa nini basi upande mmoja uliingia vitani na mwingine ukaendelea kuandika maombi? Jibu limo katika msingi wa dai la kila mmoja. Haki ya Mkikuyu ilitangulia Mfalme. Aliweza kumkana Mfalme na githaka ikabaki. Haki ya Mnubi ilisimama juu ya neno la Mfalme. Kulikana neno hilo kulikuwa sawa na kuichana hati pekee aliyokuwa nayo. Kwa hiyo utiifu wa Kibera usichukuliwe kuwa dalili ya kuridhika. Ulikuwa uchungu uliokosa mahali pa kusimama.

Uhuru wa mwaka 1963 haukumaliza shauri hilo. Mwaka 2017 serikali ya Kenya iliwapa Wanubi hatimiliki ya pamoja ya ekari 288. Kati ya ekari 4,200 za mwaka 1918 na hizo 288 pana karne nzima ya kungoja, na urithi wa neno moja la kisheria: mpangaji.