Tanuri za Misri na Siasa za Joto

Anayenunua leo mashine ya kutotolesha vifaranga na kuiweka sebuleni hudhani amenunua teknolojia mpya. Historia inamkatalia. Katika karne ya 4 kabla ya Kristo, Aristotle aliandika kwamba Misri mayai huanguliwa yakiwa yamefukiwa katika samadi. Mwanzoni mwa karne ya 13, tabibu Abd al-Latif al-Baghdadi, aliyeishi Misri, alieleza kwa kina namna Wamisri walivyototolesha vifaranga bila kuku. Maarifa haya, basi, ni ya Afrika kabla ya kuwa ya kiwanda chochote.

Tanuri hizo zilijengwa kwa matofali ya udongo. Katikati palikuwa na ujia, na kila upande vyumba vya ghorofa mbili: chini mayai, juu moto wa samadi na makapi. Fundi hakuwa na kipimajoto. Aliligusisha yai kwenye kope la jicho lake, akajua kama joto limezidi au limepungua. Mfaransa Réaumur, ambaye mwenyewe alikuwa mtengenezaji wa vipimajoto, alichapisha mwaka 1749 kitabu kizima kuhusu utotoleshaji, na akakiri ubora wa mafundi hao wa Misri. Wengi wao walitoka kijiji kimoja cha Delta ya Nili, na baba alimrithisha mwana siri ya kazi.

Linalonivutia zaidi mimi, kama mwalimu wa historia, ni mkataba wao. Kwa maelezo ya Réaumur, fundi alipokea mayai ya watu na kuwajibika kurudisha vifaranga kwa theluthi mbili ya mayai hayo. Vilivyozidi vilikuwa vyake. Tazama busara iliyomo. Hasara ya kawaida ilikubaliwa mapema, uzembe ukawa na gharama, na umahiri ukalipwa. Mwenye mayai na mwenye maarifa waligawana hatari.

Mwaka 1879, huko Petaluma, California, Lyman Byce na mwenzake walitengeneza mashine iliyofanya utotoleshaji kuwa biashara kubwa. Mwaka 1918 posta ya Marekani ikaruhusu kusafirisha vifaranga vya siku moja. Hilo liliwezekana kwa sababu kifaranga huzaliwa na akiba ya kiini cha yai tumboni, inayoweza kumtunza kwa siku mbili hivi bila chakula. Hapo kuku akatenganishwa na yai lake, na mfugaji akatenganishwa na maarifa: akawa mnunuzi wa vifaranga.

Mashine ndogo ya nyumbani inaweza kumrudishia mfugaji sehemu ya uwezo huo. Lakini kanuni zake hazina huruma. Siku 21, joto la nyuzi 37.5 hivi kwa mashine yenye feni. Mayai kugeuzwa mara kadhaa kwa siku hadi siku ya 18, kisha kuachwa yatulie huku unyevu ukiongezwa. Umeme ukikatika kwa saa nyingi, kazi ya wiki tatu inaweza kupotea. Na kuangua si mwisho. Kifaranga asiye na mama anahitaji nyuzi 32 hadi 35 katika wiki ya kwanza, ndipo joto lipunguzwe kidogo kidogo. Anahitaji maranda makavu, maji safi, na chanjo ya mdondo kwa wakati wake.

Wahenga walisema mwana wa kuku hafunzwi kuchakura. Ni kweli hata kwa aliyezaliwa ndani ya mashine: atadonoa na kuchakura bila mwalimu. Asichoweza kujipatia ni joto. Hapa ndipo ninapoona kosa la hotuba zetu kuhusu vijana kujiajiri. Tunawahimiza wachakure, jambo wanalolijua tayari, kisha tunawanyima joto: umeme wa uhakika, ofisa ugani anayefika, chanjo inayopatikana kijijini, na mikataba inayogawana hatari.

Mwishoni mwa Oktoba 2017, vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya viliteketezwa Namanga kwa hoja ya kuzuia magonjwa. Dola ina wajibu wa kulinda mifugo, nami sibishani na wajibu huo. Lakini marufuku ni nusu ya sera. Nusu ya pili ni kumwezesha mtu wa ndani azalishe kile kilichokatazwa kuingia. Serikali iliyo na moto wa kuteketezea vifaranga mpakani haiwezi kukosa joto la kulelea vifaranga vya wananchi wake.

Ndugu zangu watumishi wa umma, anzeni na maswali rahisi katika halmashauri zenu: ni nani wanaototolesha, wanapata wapi mayai yenye mbegu, na chanjo huwafikia lini? Mafundi wa Delta walifanikiwa kwa karne nyingi kwa sababu jamii yao ilijua thamani ya fundi, ikampa mayai yake na ikakubali kugawana naye hasara. Sisi tuna mashine. Bado hatujajenga uhusiano huo.