Ikulu Zilizopotea za Usukuma

Mtu aliyezoea magofu ya Kilwa, ambako kuta za Husuni Kubwa zimekuwapo tangu karne ya 14, akifika Shinyanga kutafuta jumba la mfalme atarudi mikono mitupu. Watemi wa Usukuma hawakujenga kwa mawe. Makao yao yalikuwa nyumba za msonge za miti, udongo na nyasi, zilizozungukwa na ua wa minyaa. Tena mtemi mpya mara nyingi alijenga mahali pengine, na makao ya mtangulizi wake yakarudi kuwa shamba.

Makao hayo yaliitwa ikulu. Mzizi wa neno hilo, -kulu, ndio -kuu yetu: Kiswahili kimeidondosha l iliyokuwa kati ya irabu, ilhali Kisukuma na Kinyamwezi vimeihifadhi. Neno lenyewe, basi, latoboa siri kwamba halikuzaliwa pwani. Stanley, alipofika Unyanyembe mwaka 1871, aliandika Kwikuru kana kwamba ni jina la mji tu. Kumbe maana yake ni kwenye ikulu. Baadaye neno likasafiri hadi Dar es Salaam, likatua katika jumba la gavana wa Kijerumani, ambalo Waingereza walilipiga mizinga mwaka 1914 na kulijenga upya mwaka 1922. Leo mtoto wa shule ajua kuwa Ikulu ni kwa Rais, wala hafikirii Usukuma.

Hapa pana jambo linalouma. Dola iliyolitukuza neno hilo ndiyo iliyoufuta utemi kwa sheria mwaka 1963. Siwalilii watemi, chini ya wakoloni wengi wao waligeuzwa wakusanya kodi, na raia hawakusahau. Lakini kiti kilipofutwa, ikulu za mwisho zilikosa mwenyewe. Mwaka uliofuata ikaja Sheria ya Mambo ya Kale, ambayo hulihesabu jengo kuwa la kale likiwa limejengwa kabla ya mwaka 1863. Kipimo hicho chaifaa Kilwa. Nyumba ya nyasi hakiifai hata kidogo.

Huko Bujora, karibu na Mwanza, Padre David Clement alikusanya ngoma na viti vya watemi, na vimehifadhika. Ardhi iliyovibeba haikupata mlinzi. Mgodi wa Geita ulifunguliwa upya mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, na wachimbaji wadogo wamekuwa wakifukua kila upande. Mchunguzi angeanza na minyaa, kwa sababu mmea huo hustahimili ukame na huweza kuishi muda mrefu baada ya nyumba kuanguka. Ila mstari wa minyaa hausemi ulikuwa ua wa nani. Hilo huhitaji mzee wa kuonyesha kwa kidole, na aliyekuwa kijana wa miaka 18 utemi ulipofutwa amekwisha kutimiza 80.